Kuyawekea Macho Pazia

Jumamosi moja nilikaa kibarazani na daftari, kalamu na saa, nikajipa kazi ya kumtazama kuku. Sikutaka kuku wote wa uani. Nilimtaka mmoja tu, mtetea mwekundu mwenye vifaranga saba. Baada ya saa nzima nilikuwa nimejaza kurasa mbili. Humo mlikuwa na majogoo wawili waliopigana chini ya mpapai, bata aliyemfukuza paka, na kunguru aliyeiba kipande cha ugali. Mtetea wangu alikuwa na mistari mitatu, na mmoja wa hiyo ulisema: "Anachakura." Saa nzima ya uhai wa kiumbe aliyekuwa hatua tano mbele yangu ilikuwa imenipita.

Wahenga wamesema macho hayana pazia. Walikuwa wakitukumbusha kwamba jicho haliwezi kuzuiwa kuona, na ndivyo lilivyo: huenda penye kelele, penye rangi, penye ugomvi. Lakini wapo watu waliojifunza kuyawekea macho pazia. Wanaamua asubuhi kwamba leo watamtazama mnyama huyu na si mwingine, kwa muda huu na si mwingine, wala hawageuzi shingo hata majogoo wa dunia nzima wakipigana pembeni. Ufundi wao ndio ninaotaka kuusifu hapa, kwa sababu juu yake imejengwa elimu nzima ya tabia za wanyama, na sehemu kubwa ya ufundi huo imefanyika katika misitu na mbuga zetu, mara nyingi kwa Kiswahili.

Elimu hiyo ina vyama vyake. Cha Uingereza kilianzishwa London mwaka 1936, cha Marekani mwaka 1964. Vina mikutano, majarida na nishani, na wanachama wake hubishana juu ya ndege, nyuki, samaki na sokwe. Lakini ukichukua makala yoyote katika majarida yao, ukaifunua hadi kwenye jedwali la takwimu, chini ya kila namba utamkuta mtu aliyekaa mahali fulani na kuandika alichokiona. Akiwa ameandika ovyo, hakuna hesabu itakayomwokoa.

Mtu aliyelisema hilo kwa uwazi kuliko wote ni Jeanne Altmann, Mmarekani aliyesomea hisabati kabla ya kuzama katika maisha ya nyani wa Amboseli, chini ya Mlima Kilimanjaro upande wa Kenya. Mwaka 1974 alichapisha makala ya kurasa zipatazo 40 katika jarida la Behaviour. Hakuleta habari za mnyama mpya. Alichukua njia ambazo watafiti walikuwa wakizitumia kutazama wanyama, akaziweka mezani moja moja, akauliza kila moja inaweza kujibu swali gani na inadanganya wapi. Njia ya kuandika chochote kinachokuvutia, ambayo wengi waliitumia bila kuifikiria, alionyesha kwamba inampa nafasi mnyama mwenye makeke na kumfuta mpole. Ndiyo njia niliyoitumia mimi kibarazani. Miongoni mwa njia alizozipendekeza ni kumchagua mnyama mmoja mlengwa kabla hujaona anafanya nini, ukamtazama kwa muda uliopangwa, akifanya kitu au asifanye.

Amboseli njia hiyo imefuatwa tangu miaka ya 1970 hadi leo. Nyani mmoja hutazamwa kwa dakika 10, na kila dakika inapofika huandikwa anafanya nini na nani yuko karibu naye. Dakika 10 zikiisha, anafuata mwingine. Anayefuata si yule anayevutia, ni yule ambaye zamu yake imefika. Kusema hivi ni rahisi. Kukaa juani katika vumbi la Amboseli, ukamwandika nyani jike aliyelala, huku mita 20 kando madume wawili wakitoleana meno, kunataka nidhamu ambayo wengi wetu hatuna.

Kabla ya yote hayo, lazima umjue unayemtazama. Hapa ufundi huanzia kwenye vitu vidogo kabisa. Wanaotafiti simba wa Serengeti, kazi iliyoanza mwaka 1966, huwatambua kwa vidoa vilivyo kwenye mashina ya sharubu, kwa kuwa mpangilio wake hautofautiani na alama ya kidole: kila simba ana wake, na anazeeka nao. Katika mradi wa tembo wa Amboseli, ambao Cynthia Moss aliuanzisha mwaka 1972, husomwa masikio: pengo hapa, tundu pale, mshipa uliopinda. Sokwe hutambuliwa kwa sura, kama tunavyomtambua jirani sokoni. Mfuatiliaji aliyekomaa humjua sokwe kwa mgongo wake tu, akiwa anapotelea majanini.

Gombe ndiko ufundi huu ulikokuwa mrefu na mgumu kuliko kwingi. Jane Goodall alifika pale, kaskazini ya mji wa Kigoma kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, tarehe 14 Julai 1960. Jina lake linajulikana dunia nzima, na alistahili. Lakini utafiti wa Gombe umeendelea kwa zaidi ya miaka 60 kwa sababu ya miguu na macho ya Watanzania ambao kazi yao ni kufuatilia. Mmoja wao, Hilali Matama, ametajwa kwa heshima katika vitabu vya Goodall mwenyewe.

Siku yao huanza jana yake. Sokwe hujitengenezea kitanda kipya cha matawi juu ya mti karibu kila jioni, kwa hiyo mfuatiliaji haondoki mpaka ameuona mti wa kulala na kuuweka akilini. Kesho yake hurudi pale chini gizani, kabla sokwe hajaamka. Akichelewa kidogo, kitanda kitakuwa kitupu na siku nzima ya kumbukumbu imepotea. Kukipambazuka, majani yatatikisika, sokwe ataketi, atakojoa kutoka juu, atashuka, na mwendo umeanza: kupanda na kushuka mabonde ya Gombe ambayo huanzia kwenye mchanga wa ziwa na kuishia kwenye safu yenye urefu wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, katika matete, miiba na mvua. Sokwe hupita chini ya kichaka kwa mikono na miguu bila kusimama. Mtu hutambaa.

Kwa kawaida huenda wawili. Mmoja ana karatasi ya kutia alama: kila dakika 15 ni nani wako pamoja na mlengwa, nani amefika, nani ameondoka, wanakula nini. Mwingine huandika maelezo kwa sentensi, na sentensi hizo ni za Kiswahili. Nataka msomaji atue hapo kidogo. Mtafiti wa Marekani anayetaka kujua mama fulani wa sokwe alifanya nini asubuhi fulani ya mwaka 1980, hutegemea ukurasa ulioandikwa kwa lugha hii unayoisoma, na mtu aliyekuwa amelowa hadi mifupani. Tumezoea kuambiwa kwamba Kiswahili kinajifunza kusema sayansi. Katika mabonde ya Gombe kimekuwa kikiiandika sayansi mahali inapozaliwa, kabla haijafasiriwa kwenda lugha nyingine yoyote.

Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka upande wa Zaire ya wakati ule, wakawateka wanafunzi wanne wa utafiti. Baadaye waliachiliwa, lakini watafiti wa kigeni hawakuweza tena kukaa Gombe kama zamani. Kazi ingeweza kufia hapo. Watanzania waliendelea kutoka alfajiri na karatasi zao. Na miaka hiyo haikuwa ya usingizi. Ilikuwa ndiyo miaka ambayo sokwe wa kundi la Kasekela walikuwa wakiwamaliza, mmoja baada ya mwingine, wenzao wa kundi la Kahama waliojitenga kusini. Ilikuwa pia miaka ambayo jike aitwaye Passion, pamoja na binti yake Pom, waliwanyang'anya majike wengine vichanga vyao na kuwala. Mambo hayo yaliipindua picha ambayo dunia ilikuwa nayo kuhusu sokwe. Yalijulikana kwa sababu kulikuwa na watu ambao hawakuacha kwenda kazini.

Kusini zaidi kwenye ufuko huohuo wa ziwa iko Mahale, ambako Wajapani wakiongozwa na Toshisada Nishida walianza utafiti mwaka 1965. Huko kuna kisa ninachokirudia kila mtu anaponiuliza uvumilivu una faida gani. Novemba 1987, Michael Huffman wa Chuo Kikuu cha Kyoto na Mohamedi Seifu Kalunde, mfanyakazi wa Mahale na mjuzi wa dawa za Watongwe, walikuwa wakimfuata jike aitwaye Chausiku. Siku ile Chausiku hakuwa na lolote la kuvutia. Alikuwa mnyonge, analala lala, hali. Mtu mwenye macho yasiyo na pazia angemwacha na kuwafuata wenye uchangamfu.

Wao walibaki. Wakamwona akienda kwenye kichaka kimoja, akakata kitawi, akamenya ganda kwa uangalifu, akautafuna moyo wake, akafyonza maji na kutema nyuzi. Huffman aliuliza mti ule ni nini. Kalunde aliujua tangu utotoni: ni mjonso, mchungu kama nyongo, na kwao ni dawa ya tumbo na homa. Tangu lini mnyama akanywa dawa? Badala ya kubishana, waliandika, wakahakikisha kesho yake wako tena nyuma ya Chausiku. Siku ya pili bado alijikokota, kisha mchana akaanza kula na kutembea kama mzima. Walichapisha habari hiyo pamoja mwaka 1989, majina yao mawili juu ya ukurasa. Uchunguzi uliofuata uliukuta mjonso una kemikali zinazowaathiri minyoo, na tawi jipya la elimu, la namna wanyama wanavyojitibu, lilipata mojawapo ya mizizi yake pale.

Kisa hicho kilihitaji ujuzi wa aina mbili: wa kumjua mti, na wa kutoondoka. Kalunde alikuwa na aina zote mbili. Na tazama kilichofungua mlango: mnyama aliyeacha kula. Kuona kitu ambacho hakikufanyika ndiko kugumu kuliko kuona kote, na huwezi kukiona kama hukuandika vilevile siku zote ambazo kilifanyika.

Mwaka 2003, Joan Silk, Susan Alberts na Jeanne Altmann walitoa matokeo ya miaka 16 ya dakika 10 za Amboseli. Waligundua kwamba majike wa nyani wanaokaa karibu na wenzao zaidi, wanaosafishana manyoya zaidi, ndio ambao watoto wao huvuka mwaka wa kwanza kwa wingi zaidi. Jibu lilikuwa katika utulivu, katika yale masaa ya kuketi kivulini na kupekuana ngozi ambayo jicho huyaruka kwa kudhani hakuna kinachotokea. Sidhani kama kuna mtu angeliona kwa kukaa wiki moja, hata awe na akili kiasi gani. Lilionekana kwa kuwa watu wengi, kwa miaka mingi, walikubali kuandika kila dakika kana kwamba zote zina thamani sawa.

Nilirudi kibarazani Jumamosi iliyofuata. Safari hii nilichora mistari kwenye karatasi, nikajiwekea sheria: mtetea mwekundu peke yake, dakika 10 kwa wakati, alama kila dakika. Niandike ninachokiona, si ninachokidhani. Nisiandike "amekasirika", niandike "manyoya ya shingo yamesimama". Niandike sasa hivi, nisiitegemee kumbukumbu.

Saa 2:10 anachakura. Saa 2:11 anachakura. Saa 2:12 amesimama, kichwa juu, jicho moja limeelekea angani. Saa 2:13 anachakura, anarudi nyuma hatua moja, anatoa sauti fupi fupi, vifaranga wanakimbilia pale alipopaacha. Hapo ndipo nilipoona. Nilikuwa nimefuga kuku maisha yangu yote nikiamini mtetea huchakura ili ale. Katika dakika zile 10 alichakura mara sita, na mara nne alirudi nyuma na kuita bila yeye mwenyewe kudonoa. Dakika zilizobaki alikuwa amesimama na jicho juu. Najua dakika 10 za kuku mmoja hazithibitishi kitu. Lakini lile neno moja la wiki iliyopita, "anachakura", lilikuwa limeficha ndani yake mlo wa watoto saba na ulinzi wa anga.

Katika dakika 10 za tatu aliingia nyuma ya rundo la kuni. Nilisikia sauti yake, nikajua bila shaka anachakura, na mkono ulikuwa tayari unaandika. Kisha nikakumbuka jambo ambalo wafuatiliaji hufundishwa mapema: mnyama akipotea machoni, andika kwamba hayuko machoni, pamoja na saa. Usiujaze uwazi kwa unachokijua. Uwazi ulioandikwa kwa uaminifu ni sehemu ya kumbukumbu. Uliojazwa kwa kubahatisha huozesha hata yaliyo kweli jirani yake.

Nilikata neno nililokwisha kulianza. Badala yake niliandika: "Saa 2:41, haonekani. Saa 2:42, haonekani." Kati ya yote niliyoyaandika asubuhi ile, mistari hiyo miwili ndiyo iliyonigharimu zaidi, na ndiyo ninayoamini kwamba mfuatiliaji wa Gombe angeisoma na kutikisa kichwa kukubali.