Saa Hurekebishwa au Hugezwa?

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu zoezi la kutafsiri maelezo ya jinsi mfumo wa GPS unavyotambua mahali kitu kilipo. Karibu kila daftari lilikuwa na sentensi hii: "Vituo vya ardhini hurekebisha saa za setilaiti kila mara." Upatanisho wa kisarufi hauna dosari. Lakini habari yenyewe si kweli, na sisi walimu tuliipa alama.

Mfumo huu hukadiria umbali kwa kupima muda ambao mawimbi ya redio hutumia njiani. Mawimbi hayo husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali hupotoka kwa mita 300 hivi. Hata hivyo, saa ya atomiki iliyo angani haiguswi kila inapopotoka. Vituo vya ardhini huilinganisha na wakati wa mfumo mzima, hupima imetangulia au imechelewa kiasi gani, kisha huipelekea setilaiti kiasi hicho ili ikitangaze. Kipokezi ndicho kinachoondoa kosa hilo katika hesabu zake.

Kurekebisha ni kuondoa kosa katika kitu chenyewe. Hapa kosa linabaki, ila linajulikana. Msamiati wa kimataifa wa upimaji, toleo la 3 la mwaka 2008, nao unaonya kwamba mambo haya mawili yasichanganywe. Wanafunzi wachache waliandika "kusawazisha", yaani kuzifanya saa nyingi ziende pamoja. Hilo ni jambo la tatu.

Neno linalofaa lipo. Shirika la Viwango Tanzania lina maabara ya ugezi. Kitenzi "geza", kwa maana ya kulinganisha, ni ndugu wa "kigezo" tunachokitumia kila siku darasani. Kuigeza saa, basi, ni kuilinganisha na kigezo na kuandika tofauti iliyopo. Tunakubali kwamba wako watakaosikia maana ya "iga" ndani yake. Matumizi ya mara kwa mara ndiyo yatakayoondoa utata huo.

Kosa kubwa zaidi ni letu. Tumezoea kusahihisha ngeli na kuacha maana ipite. Tunapendekeza kwamba kabla ya kalamu nyekundu kugusa kiambishi chochote, mwalimu aulize kwanza: nani anafanya nini, na anakifanyia kitu gani?