Laki Nne na Bado Linapanda

Baridi ya Mlangali, huku Nyanda za Juu, haifichi ugonjwa wa gari. Asubuhi ya Julai, injini iliyochoka itakohoa, itatoa moshi wa bluu, na majirani wote watajua nani ana gari linalokula oili. Ndiyo maana fundi ninayemsifu hapa hupenda kupokea magari alfajiri, kabla hayajapata moto. "Niletee likiwa limelala," huwaambia wateja. Mtu akilileta likiwa limeshazunguka sokoni na abiria wawili watatu, anaambiwa aliache pale hadi kesho yake. Wapo wanaonuna. Wengi huliacha.

Kifaa chake kikuu ni bisibisi ndefu yenye mpini wa mti. Ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anauweka sikioni, kisha anafumba macho. Anahama taratibu: kifuniko cha vali, altaneta, pampu ya maji, ubavu wa bloku. Waliopo wamezoea kunyamaza wakati huo. Hata anayeongea na simu husogea kando. Nilimwona amesimama hivyo kwenye Carina Ti ya mwalimu mmoja wa hapa, umbo lile lililotengenezwa Japani kati ya 1996 na 2001, mita yake ikisoma kilomita laki nne na ushee. Alipofumbua macho alisema tu, "Beringi ya pampu ya maji. Haijaanza kulia, inanong'ona." Mwalimu akauliza itadumu muda gani. "Mwalimu, unaweza kuibadilisha wiki hii kwa hela ya pampu, au mwezi ujao kwa hela ya silinda hedi."

Mwalimu aliibadilisha wiki hiyo.

Kuna jambo moja linalomkasirisha fundi huyu mzee kuliko deni. Ni gari linalokuja kutoka Dar es Salaam likiwa limeng'olewa thamostati. Kule mjini, gari likichemsha, dawa ya haraka ya mafundi wengi ni kuitoa thamostati na kuitupa, maji yazunguke bila kizuizi. Mwenye gari anafurahi, kipimo cha joto kinashuka, anapanda nalo huku kuja kuzika au kuoa. Lakini kazi ya thamostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake, nyuzi 80 hivi. Ukiitoa, katika baridi ya nyanda hizi injini haipati joto linalotakiwa hata ukiendesha hadi Njombe mjini. Inajiona ni asubuhi siku nzima, inamwaga petroli kwa wingi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi za pistoni zinalika. Gari linakufa kwa baridi huku mwenyewe akijisifu kwamba halichemshi. Mzee ana kopo la thamostati alizozinusuru kutoka magari yaliyokufa kwa sababu nyingine. Kila moja huichemsha kwenye sufuria kuona kama inafunguka, ndipo aifunge kwenye gari la mtu.

Hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Kufungua na kufunga nati, kijana yeyote mwenye spana atajifunza. Kujua kwamba maji ya mtoni yaliyomiminwa kwenye rejeta leo yataleta kutu itakayoziba njia miaka miwili baadaye, na kuwa na moyo wa kumgombeza mteja kwa ajili ya siku hiyo ya mbali, hicho ndicho kilichoifikisha Carina ile laki nne.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Katika droo ya dashibodi kuna daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Ameandika kwa mwandiko wa ubaoni: tarehe, kilomita, oili imemwagwa, filta mpya, plagi, mkanda wa taimingi. Kila baada ya kilomita 5,000 kuna mstari. Kurasa zina madole ya grisi ya mzee, maana mwalimu humlazimisha naye asaini. Nimesoma daftari lile kama watu wanavyosoma barua za zamani. Ndani yake mna safari za Makambako kupokea mgeni wa treni ya TAZARA, masika yaliyoua bushi za mbele, na mwaka ambao viazi vilijaa hadi springi za nyuma zikabadilishwa.

Wazee wa Nyanda za Juu wanayakumbuka magari ya kufaa. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mbio za magari za Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari lilelile ambalo familia ilipakia watoto na kuku. Halafu ikaja 504, nayo ikabeba Safari ya 1975. Mita za mengi ya magari hayo zilikuwa na tarakimu tano za kilomita: zikifika 99,999 zilirudi sifuri, na sifuri hiyo ilikuwa heshima. Siku hizi mita inarudishwa nyuma na kijana mwenye kompyuta, gari liuzike.

Tena hatuulizi hata mita. Tunauliza herufi ya namba ya usajili, inayotaja gari lilisajiliwa lini. "Ni namba D?" Namba A inachekwa hata kama imetunzwa, namba E iliyoendeshwa bila oili inapigiwa picha. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaliruhusu na kulitoza kodi ya uchakavu. Sheria zote mbili zinahesabu miaka tu, wala hazina pa kuandika oili iliyomwagwa kwa wakati. Marekani, mwalimu wa sayansi aitwaye Irv Gordon alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, na mwaka 2013 ikapita maili milioni 3, karibu kilomita milioni 5. Alifuata kitabu cha matunzo, basi.

Sasa barabara yetu inanyooka. Kilomita 50 za Lusitu hadi Mawengi, zilizokuwa zikimeza magari kila masika, zimejengwa kwa zege. Nashukuru kama kila mtu. Ila naona magari yanakufa mapema zaidi kuliko zama za tope. Injini ikigonga, hakuna anayeisikiliza; inashushwa, inanunuliwa nyingine ya mtumba Dar es Salaam, nayo inafungwa bila kujulikana ilikotoka wala ilichokula. Nyumba zilizokuwa na gari moja kwa miaka ishirini sasa zina matatu juu ya mawe.

Mzee hana mwanafunzi. Wa mwisho alikwenda Makambako kutengeneza bodaboda, kazi inayolipa jioni ileile, na simlaumu. Wewe unayenunua gari mwaka huu, iache herufi ya namba. Omba daftari. Muuzaji asipokuwa nalo, mwambie alilaze gari, ukaliwashe mwenyewe kesho alfajiri.