Kashata Mbili, Sukari Moja

Kashata ya karanga huvunjika kwa mlio ukiiuma. Kashata ya nazi humomonyoka ulimini na kuacha chengachenga. Zote mbili zimetokana na sukari ileile, maji yaleyale na jiko lilelile. Basi tofauti inatoka wapi? Swali hilo tuliwapa watoto wa miaka 8 hadi 12 kabla ya kubandika sufuria, na kila mmoja akaandika jibu lake kwenye daftari. Wengi waliandika kwamba ni nazi na karanga. Jibu kamili limo ndani ya shira.

Tulianza bila moto. Watoto walipewa bilauri mbili, moja ya maji baridi na nyingine ya maji ya uvuguvugu, wakatia sukari kijiko baada ya kijiko na kukoroga mpaka ilipoanza kutuama chini. Ya uvuguvugu ilimeza vijiko vingi zaidi. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi, gramu 100 za maji huyeyusha karibu gramu 200 za sukari. Yakifika nyuzi 100, huyeyusha zaidi ya gramu 480. Ndiyo maana shira iliyopikwa ikipoa hubeba sukari nyingi kuliko uwezo wa maji yake, na sukari hiyo ya ziada hutafuta njia ya kurudi kuwa fuwele.

Kisha likaja jiko, na hapo kazi ya sufuria ikawa ya mtu mzima. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 pale Dar es Salaam, lakini shira huchemka kwa joto la juu zaidi, na kadiri maji yanavyotoka kama mvuke ndivyo joto linavyopanda. Shira ya nyuzi 115 hivi ina sukari ya karibu asilimia 85. Ya nyuzi 150 imebakiwa na maji ya asilimia 1 tu au pungufu. Kwa hiyo kipimajoto cha peremende, kwa kweli, kinapima maji yaliyobaki.

Asiye na kipimajoto ana bakuli la maji baridi. Mpishi anadondosha tone la shira ndani yake, anasubiri lipoe kabisa, kisha mtoto analishika. Tone la kwanza lilitawanyika na kupotea. La pili lilijikusanya likawa kidonge laini, likabonyea katikati ya vidole: hapo ndipo pa kashata ya nazi. Baadaye tone lilizama likiwa kama uzi, na lilipopindwa likakatika kwa mlio mkavu: hapo ndipo pa kashata ya karanga. Binti mmoja aliuliza, "Shangazi, mbona sasa inabadilika haraka hivi?" Aliona sawasawa. Mwanzoni moto mwingi hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke, hivyo joto hupanda polepole. Maji yakishapungua, shira hupanda mbio na kuungua kwa kufumba na kufumbua. Hapo moto hupunguzwa.

Kipimo cha tone kina faida nyingine. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, na maji yake huchemka karibu nyuzi 94. Mpishi wa huko akifuata nyuzi za kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya pwani, atazidisha mapishi. Tone la maji baridi halihitaji masahihisho, kwa sababu linaonyesha hali ya shira yenyewe.

Baada ya maji, jambo la pili ni kukoroga. Fuwele ni molekuli zilizojipanga safu kwa safu, kama wanafunzi kwenye paredi. Kashata ya nazi hukorogwa kwa mwiko wakati inapokazana, ili molekuli zijipange haraka katika fuwele ndogondogo. Ndiyo asili ya zile chengachenga. Ya karanga haikorogwi baada ya sukari kuyeyuka. Karanga zilizokaangwa zikishatiwa, humwagwa kwenye sinia lililopakwa mafuta na kupoa upesi, molekuli zikagandia ovyo zilipo. Yabisi ya namna hiyo kwa kemia ni kioo. Matone machache ya ndimu husaidia: asidi huivunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na hizo huzuia safu zisijipange. Punje moja ya sukari iliyonata ukingoni mwa sufuria ikianguka ndani, yaweza kuigeuza shira nzima kuwa fuwele, kwa hiyo kingo zilipanguswa kwa brashi yenye maji.

Usalama nao ni sehemu ya kipindi. Shira ya nyuzi 150 ni moto kuliko maji yanayochemka, na hunata kwenye ngozi. Watoto walipima, walitia karanga kwenye bakuli, walishika matone yaliyopoa, waliandika, hawakusogelea sufuria. Akiungua mtu, sehemu hiyo ipozwe kwa maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta. Wazazi waulizwe mapema kama kuna mtoto anayedhurika na karanga.

Siku iliyofuata tuliacha kipande kimoja cha karanga wazi na kingine ndani ya kopo lililofungwa. Cha wazi kilinata, kwa sababu sukari huvuta unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu tele. Watoto waliokwisha kuona kazi ya maji walieleza sababu wenyewe.

Mtoto akiachwa asubiri kulamba mwiko, hilo ni pishi tu. Akikisia, akapima, akaona kisio lake limeanguka na akajua kwa nini, hiyo ni sayansi. Walimu na wazazi, jiko, sukari na bakuli la maji mnavyo. Wapeni watoto swali kwanza, kashata baadaye.