Walimmaliza

Mwezi jana nilipita Moi Avenue na binamu yangu wa Form Two. Tukasimama kwa sanamu ya Tom Mboya, akaniuliza, "Huyu alikufa aje?" Nikajibu kama kitabu: mauaji ya kisiasa, 1969. Akasema, "Aah, siasa," akarudi kwa simu yake.

Jibu lake lilinikaa. Siku zote nilidhani "mauaji ya kisiasa" ni maneno mazito. Lakini sikiliza tunavyolitumia neno siasa. Mtu akikuahidi hewa unamwambia wacha siasa. Kesi ya mheshimiwa ikifutwa, ilikuwa siasa tu. Libandike neno hilo juu ya maiti uone: si jinai tena, ni mambo ya wakubwa, na mambo ya wakubwa hayaandikwi kwa OB.

Sarufi nayo inawaficha. Pinto aliuawa 1965. Mboya aliuawa 1969. JM Kariuki aliuawa 1975. Ouko aliuawa 1990. Sentensi nne kamili, mwalimu wangu angezipa tiki, na hakuna muuaji hata mmoja ndani. Ndiyo, kwa Pinto na Mboya kuna waliohukumiwa. Inasimuliwa kwamba Njenga, aliyehukumiwa kunyongwa kwa kumuua Mboya, aliwauliza polisi mbona hawamwendei mkubwa. Hata yeye hakutoa jina, alitoa cheo.

JM na Ouko walinyimwa hata hilo "aliuawa" mwanzoni. JM, tuliambiwa, yuko Zambia. Ouko, ikadokezwa, amejiua. Hapo mtenda alipatikana haraka ajabu, naye ni marehemu mwenyewe.

Ndiyo maana napenda kurudia Juliasi Kaizari, tafsiri ya Nyerere ya mchezo wa Shakespeare. Waliomchoma Kaizari hawatoroki papo hapo. Wanabaki jukwaani na damu mikononi, wanasimama mbele ya umati kujieleza, na ubishi wote uliobaki ni jina la kitendo: je, ni kuikomboa Roma au ni uuaji mtupu? Wanaweza kubishania jina kwa sababu wenye visu wanajulikana. Sisi jina tulishalipata, tena la kwenye magazeti. Wenye visu ndio hatuna.

Nyanya yangu hajawahi kusema "mauaji ya kisiasa". Yeye husema "walimmaliza". Wasomi wataliita neno la mtaani, lakini lina hiyo *wa-* mbele, kiti kilichoachwa wazi kikisubiri mwenyewe. Ukimuuliza ni kina nani, anaangalia mlango kwanza, hata leo, halafu anashusha sauti: "Si wenyewe."

Jana nilimtumia binamu yangu meseji kuhusu ile sanamu. Neno moja tu, walimmaliza. Safari hii alijibu kabla sijaweka simu chini: kina nani?