Redio ya jamii isigeuzwe redio ya kabila: Funzo kutoka mashamba ya chai

MSOMAJI anayefuatilia taarifa za habari humu nchini atakuwa ameona jinsi neno 'jamii' lilivyopewa kazi mpya. Mtangazaji hasemi 'kabila la Wakipsigis', husema 'jamii ya Wakipsigis'. 'Kabila' ni neno lenye makali, hasa tangu machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nasi tumeamua kulifunika. Hiyo ni tasfida, na tasfida si dhambi. Ila hii imeanza kuivuruga dhana nyingine muhimu, yaani redio ya jamii.

Neno lenyewe tulilipata kwa Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa jamaa, jumuiya na hata Ijumaa. Maana inayopita ndani ya maneno hayo yote ni kukusanyika. Wanajamii basi ni watu waliokutanishwa na mahali au na jambo, hata kama hawana damu moja. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya haiko mbali na maana hiyo. Inagawa utangazaji katika mafungu matatu: wa umma, wa kibiashara na wa kijamii. Kituo cha kijamii hakiendeshwi kwa faida, na wanajamii wenyewe hushiriki katika kuchagua na kuandaa vipindi. Msingi wa jamii hiyo ni eneo au maslahi ya pamoja.

Sasa tuje Kericho na Bomet. Muulize mkulima wa Litein au Mogogosiek redio yao ya jamii ni ipi, na usishangae akikutajia Kass FM au Chamgei FM. Zote mbili ni za kibiashara, na zinawalenga Wakalenjin kwa jumla, popote walipo. Kwa kweli zimefanya kazi kubwa. Kass, iliyoanza mwaka wa 2005, ina jina linalomaanisha 'sikia', nayo Chamgei ni salamu. Ajuza asiyejua Kiswahili wala Kiingereza anapata tangazo la kifo, habari za mifugo na siasa za kaunti kwa lugha aliyozaliwa nayo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Anayezibeza redio hizi ati kwa sababu ni za lugha ya mama, hana hoja.

Hoja yangu ni nyingine. Kuna mkulima mdogo anayepeleka majani mabichi katika kiwanda kama Kapkatet au Kapset, na ambaye mara nyingi ni Mkipsigis mwenye jirani Mkipsigis. Halafu kuna kambi za wafanyakazi wa mashamba makubwa. Humo, tangu enzi ya mkoloni, Mkisii, Mjaluo, Mluhya na Mkipsigis wamechuma chai bega kwa bega. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili: Kiswahili cha kupimiwa kilo, cha kugombania foleni ya maji, cha kuombana chumvi jioni. Si sanifu, lakini kinafanya kazi. Hawa ni jamii moja kwa mahali na kwa maslahi. Redioni lakini, mmoja anakaribishwa sebuleni na wengine wanasikilizia dirishani.

Jambo hili si la kupuuzwa. Baada ya uchaguzi wa 2007, wafanyakazi wa makabila mengine walishambuliwa na kufukuzwa katika mashamba ya chai ya Kericho. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na majaji wakaikatiza kesi yake Aprili 5, 2016. Sina haja ya kuifufua kesi hiyo. Ninachosema ni kwamba hofu hukua pale mtu anaposikia redio ya jirani ikizungumza usiku kucha naye asielewe kinachosemwa, hata kama ni salamu tupu.

Mwaka wa 2023 ulitupa mtihani mwingine. Mnamo Februari, BBC ilipeperusha uchunguzi ambapo zaidi ya wanawake 70 walieleza jinsi walivyodhulumiwa kingono na wasimamizi wao katika mashamba ya chai. Mwezi wa Mei, mashine za kuchumia chai zilichomwa Kericho na watu waliolalamika kwamba zinawapokonya kazi. Mambo haya mawili yanawagusa watu wa kambini bila kuuliza kabila. Je, Mkisii na Mkipsigis walioumizwa na msimamizi yule yule wangeyazungumza katika kipindi gani, na kwa lugha gani? Kituo cha lugha moja kingemsikia mmoja na kumwacha mwenzake.

Mfano tunao papa hapa nchini. Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibera zilianzishwa katika mitaa yenye watu wa kila kabila, zikaamua kutumia Kiswahili na Sheng, lugha ambazo majirani wanazo pamoja. Kambi ya chai inafanana na mitaa hiyo kuliko inavyofanana na kijiji.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, waandishi tuwe na ujasiri wa kuliita kabila kabila, ili 'jamii' ibaki na kazi yake. Pili, redio za eneo hili zitenge saa za Kiswahili jioni, wachumaji wakishatoka kazini, bila kuipunguzia Kipsigis nafasi yake ya kutwa. Tena kiwe Kiswahili cha kambini. Mtangazaji akianza kusahihisha ngeli za anayepiga simu, simu zitakatika, na malalamiko yatarudi chumbani. Kituo kitakachofanya hivyo, hata kiwe kidogo namna gani, ndicho kitakachostahili kuitwa redio ya jamii.