Kitone Kwenye Kona ya Filamu

Ukiishika filamu ya eksirei ya meno iliyokwisha kukauka, kabla hujatazama jino lolote tafuta kitone kwenye kona. Kiwanda kiliibonyeza filamu hapo makusudi, upande mmoja ukavimba na wa pili ukabonyea. Uvimbe ukikuelekea wewe, ni sawa na kusimama mbele ya mgonjwa: kulia kwake ni kushoto kwako. Ukikuelekea upande uliobonyea, unayatazama meno kutoka upande wa ulimi. Kitone hakisemi lolote kuhusu uozo wala fizi. Kinasema tu jinsi ya kuisoma picha, na kimo ndani ya picha yenyewe.

Nianzie hapo kwa sababu mjadala wa filamu na dijitali huwa unakimbilia maudhui. Watu huuliza ipi inaona zaidi. Kwa kugundua uozo kati ya jino na jino, tafiti nyingi zimeziona zikikaribiana sana, na hata uwezo wa macho yetu ni mpaka kwa zote mbili: filamu huweza kutenganisha karibu jozi 20 za mistari ndani ya milimita moja, na jicho tupu haliwezi kuzifikia. Zote zina ucheleweshaji uleule pia. Jino hupoteza kama asilimia 30 hadi 40 ya madini mahali fulani kabla doa jeusi halijajitokeza, kwa hiyo shimo la kweli daima limekwenda mbele ya shimo la kwenye picha. Maudhui yakishakaribiana hivyo, mhakiki hana budi kurudi kwenye fani, na fani ndiyo iliyobadilika kabisa.

Filamu ya ukubwa wa kawaida kwa mtu mzima ni milimita 31 kwa 41. Huja ndani ya pakiti, imefungwa karatasi nyeusi, nyuma yake pana karatasi nyembamba ya madini ya risasi yenye michirizi iliyopangwa mithili ya mifupa ya samaki. Ukikosea ukaigeuza mdomoni, mionzi hupita kwanza kwenye risasi, na picha hutoka imepauka huku michirizi ile imetandazwa juu ya magego. Ukiikunja kona ili isimchome mgonjwa, mkunjo huacha mstari mweusi. Ukucha huacha hilali nyeusi. Tone la dawa ya kusafishia likianguka kabla ya wakati huacha doa jeusi, na tone la dawa ya kukazia huacha doa jeupe. Filamu ambayo haikuoshwa vya kutosha hugeuka kahawia baada ya miaka. Fundi mzoefu wa chumba cha giza huweza kukutajia kosa na hatua lilipotokea bila kumuuliza mtu.

Hii ndiyo sifa ninayoiona kubwa katika fani ya filamu: historia ya utengenezaji wake imeandikwa palepale yalipoandikwa meno. Tangu Januari 1896, Otto Walkhoff wa Braunschweig, Ujerumani, alipojiwekea kibao cha kioo mdomoni na kuvumilia mionzi kwa dakika 25, utanzu huu ulibaki na kanuni hiyo karibu karne nzima. Maboresho yalikuja, muda wa mionzi ukapungua hadi chini ya sekunde moja, lakini picha iliendelea kubeba makovu yake.

Mwaka 1987 daktari wa meno wa Toulouse, Francis Mouyen, alileta RadioVisioGraphy, mfumo wa kwanza wa dijitali wa kupiga picha za ndani ya mdomo. Kihisi kinakaa mdomoni, picha inatokea kwenye kioo cha kompyuta baada ya sekunde chache. Baadaye yakaja mabamba ya fosfori, membamba na yanayopindika kama filamu, ambayo husomwa na mashine ya leza. Mionzi ikapungua, chumba cha giza kikafungwa, dawa na risasi zikaacha kumwagwa. Kwa faida hizo tu ningeichagua dijitali, na sioni sababu ya mtu kuililia filamu.

Ila tazama kilichotokea kwa mtindo. Filamu huitikia mionzi kwa mpindo unaofanana na herufi S: katikati inatenganisha weusi na weupe kwa ukali, kwenye ncha zote mbili inavibana pamoja. Mtindo huo uliamuliwa kiwandani, na daktari aliweza kuusogeza kidogo tu. Kihisi huitikia kwa mstari ulionyooka, hakina mtindo chenyewe. Kinaweza kuhifadhi viwango 4,096 vya kijivu, na kioo cha kawaida kinaonyesha 256. Kwa hiyo kila picha ya dijitali uliyowahi kuiona ni uteuzi. Mtu au programu imeshaamua kipi kiwe cheusi tii na kipi kiwe kijivu.

Makosa nayo yamejifunza adabu. Ukizidisha mionzi kwenye filamu, inakuwa nyeusi na unaaibika. Ukiizidisha kwenye bamba la fosfori, programu hupanga upya viwango na picha hutoka nzuri, hivyo kipimo huweza kupanda polepole bila mtu kushtuka. Ukiipunguza mno, zinatokea chengachenga. Na bamba likigeuzwa mdomoni, hakuna michirizi ya kulisaliti: linatoa picha safi ya kioo, kulia kushoto, kushoto kulia. Afadhali baadhi ya mabamba yana kisahani cha chuma mgongoni, ambacho hutokea katikati ya meno likiwekwa kinyume. Ni kama kitone kimezaliwa upya.

Kuna kitufe cha kunoa picha, na hicho ndicho kinachonisumbua kuliko vyote. Programu hutafuta kingo, kisha hutia giza upande mmoja na mwanga upande wa pili. Jirani na jino lililozibwa kwa chuma hujitokeza utepe mweusi unaofanana kabisa na uozo uliorudi chini ya kizibo. Msomaji wa filamu naye alidanganywa na jicho lake mahali hapohapo, weupe mkali unapokutana na kijivu, lakini aliweza kuufunika weupe kwa kidole na giza likatoweka. Utepe wa programu haufunikiki. Umo ndani ya picha kama sentensi aliyoiongeza mhariri.

Ukubwa nao umempata msomaji mpya. Filamu ilikuwa mali ya daktari, aliyeiinua kwenye kisanduku cha taa, au dirishani umeme ukikatika. Sasa mgonjwa anatazama jino lake likijaza kioo chote, lenye tundu la ukubwa wa ngumi, na anakubali gharama kabla maelezo hayajaisha. Si udanganyifu, lakini ni balagha, na daktari anajua nguvu yake.

Kwa mtazamo huu, matini iliyo dhaifu kuliko zote si filamu wala dijitali, bali ile inayotoka katikati yao: picha ya kioo cha kompyuta iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp, au iliyochapishwa kwenye karatasi ili mgonjwa aende nayo kliniki nyingine. Imepoteza kitone, na imepoteza pia viwango vyote vilivyokuwa nyuma ya uteuzi. Daktari wa pili anasoma alichoamua wa kwanza. Akitaka kupandisha mwanga ili aione ncha ya mzizi, chini ya weusi ule hamna tena kitu cha kupandishwa. Itabidi aombe faili, au ampige mgonjwa mionzi upya.