Mtoto Aliyewekwa Rehani

Wasomaji wengi wa George R. R. Martin humlaumu Mfalme Robert Baratheon kwa kumwacha hai Balon Greyjoy baada ya kuuzima uasi wake. Lawama hiyo inapuuza jinsi utawala wa kikabaila unavyoendeshwa. Robert hana wakuu wa wilaya. Ana makabaila tu, na watu wa Visiwa vya Chuma humtii Greyjoy kwa kuwa babu zao walimtii babu yake. Mgeni angewekwa pale kwa ngome na askari, kwa gharama ya mfalme. Tywin Lannister aliufuta ukoo wa Reyne, naam, na Castamere imebaki gofu.

Basi Balon anapiga goti na kubaki na kiti chake. Wanawe wawili wakubwa wamekwisha kufa vitani. Wa mwisho, Theon, mwenye umri wa miaka kumi hivi, anapelekwa Winterfell. Hapa ndipo Martin anapowaacha mbali waigaji wake. Theon anakula na watoto wa Eddard Stark, anacheka nao, anafunzwa upanga pamoja nao. Ilhali mwenyeji huyo mpole ndiye atakayemkata kichwa siku baba yake atakapoasi tena. Wakubwa wamesameheana, na mtoto ndiye anayelipa.

Katika *A Clash of Kings* (1998) anarudi nyumbani akiwa kijana. Baba yake anamhoji juu ya mkufu wake: ameupora, au ameununua? Theon ameununua. Balon anaunyofoa shingoni mwake.